Kijerumani cha Dukani, cha Daktari na cha Bahasha ya Njano: Maswali Yenu

Safari hii nimechagua maswali ya wale mlioingia Ujerumani karibuni, wengi kwa njia ya uuguzi na au-pair (kuishi na familia ukilea watoto wao). Nimeyafupisha. Wote mlioamkia, marahaba.

Nilifaulu A1, mtihani wa ngazi ya kwanza ya Kijerumani, kabla sijaondoka Nairobi, lakini nikifika duka la mikate ulimi unakufa. Nifanyeje? (Au-pair, Stuttgart)

Dada, sentensi yako haina kasoro. "Ich hätte gern zwei Brötchen", yaani naomba vimkate viwili, unaisema vizuri tu. Kinachokumaliza ni anachokurushia muuzaji baada ya hapo, mbiombio, huku foleni imekuganda mgongoni. Kwa hiyo anza na maswali yake, maana ni yaleyale kila asubuhi. "Sonst noch was?" anauliza kama kuna kingine, umemaliza, sema "Das wär's." "Zum Mitnehmen?" anataka kujua kama unaondoka navyo. "Bar oder mit Karte?" ni taslimu au kadi. Mwisho "Brauchen Sie den Bon?", yaani risiti. "Nein, danke" yatosha. Hapo Stuttgart utasikia kimkate hichohicho kikiitwa Weckle, Bavaria ni Semmel, Berlin Schrippe. Usihangaike nayo, nyoosha kidole useme "zwei davon, bitte", viwili vya hivyo.

Na kozi usiiache. Familia uliyofikia inatakiwa kuchangia euro 70 kwa mwezi za kozi ya lugha. Kama hawajalitaja, litaje wewe.

Shikamoo mwalimu. Niliambiwa nifike "halb acht", nikafika saa mbili na nusu asubuhi, nikakuta miadi imeshapita. Nilikosea wapi? (Leipzig)

Halb acht ni 7:30, kwetu saa moja na nusu. Wewe ulisikia acht ukaongeza nusu. Mjerumani anatazama mbele: ikishagonga saba kamili, saa ya kuelekea nane ni debe linaloanza kujazwa, na likifika nusu ndiyo halb acht. Sasa wewe uko Leipzig, na huko mashariki, pamoja na sehemu za kusini, hawaishii kwenye nusu. "Viertel acht" ni 7:15, robo ya debe. "Drei viertel acht" ni 7:45. Hata Mjerumani aliyetoka Hamburg hapo hukuna kichwa.

Sisi tunaohesabu saa tangu jua linapochomoza tunateseka mara mbili, kwa sababu kichwa kinafanya hesabu mbili kabla mdomo haujafunguka. Mimi nasema ukiwa huko acha kabisa kupitia saa za Kiswahili. Weka simu yako kwenye saa 24, na kila ukipewa miadi irudie kwa tarakimu: "Also sieben Uhr dreißig?" Atajibu "Genau", yaani ndivyo hasa, au atakurekebisha palepale. Tarakimu za simu nazo zina mtego wake: dreiundfünfzig inaanza na tatu lakini ni 53, na ukiandika huku unasikiliza utaandika 35. Mwambie "Einzeln, bitte", akutajie mojamoja. Ukisikia "zwo", ni mbili tu. Huitamka hivyo isifanane na drei.

Naogopa kumpigia daktari simu. Ana kwa ana naelewa kidogo, ila kwenye simu siambulii kitu. (Mama wa wawili, Hamburg)

Mama, simu ya zahanati ina njia moja, ijue mapema. Anza na "Guten Tag, ich möchte bitte einen Termin", yaani naomba miadi. Atauliza "Waren Sie schon mal bei uns?", umewahi kufika kwao. "Worum geht es?", una shida gani: "Ich habe seit gestern Fieber", nina homa tangu jana, au kama ni kizunguzungu, "Mir ist schwindlig." "Wie sind Sie versichert?", una bima gani. Kwa wengi wenu jibu ni "gesetzlich", yaani bima ya umma, kisha unataja jina la bima.

Halafu linakuja lile linalowaangusha wengi: atakuomba uandikishe jina lako herufi kwa herufi. Kwao W ni "ve", V ni "fau", J ni "yot". Kama unaitwa Mwajuma, jizoeze mbele ya kioo: M wie Martha (M kama ya Martha), W wie Wilhelm, A wie Anton, J wie Julius, U wie Ulrich. Jina lako likitoka bila kukwama, hofu nusu imeisha.

Usiku au wikendi, kwa ugonjwa usiotishia maisha, piga 116117. Maisha yakiwa hatarini, 112.

Nasomea uuguzi kwenye nyumba ya wazee. Naweza kuwaita Oma na Opa, yaani bibi na babu? (Kassel)

Hapana, mwanangu, hata kama moyo wako ni mweupe. Kwetu kumwita mzee asiye ndugu yako "bibi" ni heshima. Kule ni kumvunjia hadhi, kama vile amekuwa mtoto. Mwite Frau (Bi) au Herr (Bwana) na jina la ukoo, pamoja na Sie, ile "wewe" ya heshima, hata kama amesahau jina lako tangu jana. Na Sie haifuati umri kama shikamoo. Karani wa miaka 25 naye anastahili Sie. Kwenda kwenye du, "wewe" ya kawaida, humngoja mkubwa au mwenyeji aseme "Wir können uns duzen", yaani tuitane du. Wenzako wa zamu watakuambia hivyo siku ya kwanza, wagonjwa karibu kamwe.

Der, die, das, zile zinazotangulia majina, nitazimaliza lini?

Hutazimaliza, na dukani hazikuzuii kununua mkate. Jua tu kwamba majina yanayoishia -ung, -heit na -keit ni die, ya -chen ni das. Mtu aliyekua na ngeli zote zile za Kiswahili asilie kwa tatu.

Barua za ofisi natafsiri kwa simu. Inatosha? (Köln)

Kupata maana, ndiyo. Lakini tafuta kwa macho yako maneno matatu kwanza: "Frist" (muda uliowekwa), "spätestens" (si baada ya) na "bis zum" (hadi tarehe). Karibu nayo kuna tarehe, na tarehe hiyo haina mjomba. Kupinga uamuzi wa ofisi, Widerspruch, mara nyingi una mwezi mmoja. Faini inayokuja kama Bußgeldbescheid, barua rasmi ya faini, kuipinga una wiki mbili tu. Aya ya mwisho ya barua hueleza muda wako na pa kuandikia.

Ukikwama, uliza Migrationsberatung, ushauri wa bure kwa wageni, unaotolewa pia na Caritas na Diakonie. Na ikija kwa bahasha ya njano, usiitupe bahasha. Mtu wa posta ameandika juu yake tarehe aliyoifikisha, na siku zinahesabiwa kuanzia hapo, hata kama siku hiyo ulikuwa kazini.