Hamna Historia? Andikeni Mlichopima

Msomaji mmoja kaniandikia wiki hii. Yeye na mwenzake wamefungua kampuni ya kusanifu saketi (mipangilio ya umeme ndani ya vifaa vya elektroniki), wanaandaa wasifu wa kampuni, na wamekwama kwenye ukurasa wa historia. "Kaka, sisi ni wachanga, tuandike nini?" Swali limenigusa pabaya, maana nami niliwahi kunyimwa kazi kwa sababu hiyo hiyo.

Mteja alitaka kifaa cha kupima na kutuma taarifa kwa redio. Tulimpelekea michoro, makadirio ya gharama na bodi ya majaribio (kibao chenye saketi) ikifanya kazi pale pale mezani. Akapekua wasifu wetu, akauliza tulianza lini, akaufunga. Kazi ikaenda kwa kampuni kongwe yenye historia ya kurasa na kurasa. Iliniuma, na sitajifanya imeshapoa.

Baadaye kifaa kile kikaletwa kwetu. Kilikuwa kimeanguka kwenye kipimo cha mawimbi ya redio yanayovuja, na kifaa kisichokidhi masharti hayo hakiruhusiwi kuuzwa Ulaya. Nikaiweka bodi chini ya lenzi. Njia ya mapigo ya saa, yaani ishara inayoipa chipu mwendo, ilikatiza juu ya ufa kwenye tabaka la graundi, lile la shaba ambalo mkondo hurudia. Sasa, mkondo wa umeme sharti urudi ulikotoka. Ukikuta ufa unazunguka mbali, na mzunguko huo mpana unageuka antena. Kapasita ya nanofaradi 100, kipuri kidogo cha kutuliza umeme wa chipu, ambayo mahali pake ni ubavuni kabisa mwa pini ya umeme ya chipu, ilikuwa imetupwa pembeni kama mgeni asiyealikwa. Tukaziba ufa, tukasogeza kapasita, bodi ikachapwa upya, kifaa kikafaulu. Yule bwana hakuuliza tena tulianza lini. (Ndiyo, najisifu. Niacheni.)

Mkitaka kuona historia yenye uzito, someni ya Arm, kampuni ya Uingereza ambayo usanifu wake umo kwenye chipu za simu nyingi. Kampuni ilianzishwa mwaka 1990 kwa ubia wa Acorn (kampuni ya kompyuta ya Uingereza), Apple na VLSI Technology (watengenezaji wa chipu), ikiwa na wahandisi 12 tu na bila kiwanda. Riziki yake ilikuwa kuuza leseni za usanifu wa chipu, wengine wazitengeneze. Lakini kisa ninachokipenda ni cha mwaka 1985, Acorn ilipopokea chipu ya ARM1 iliyosanifiwa na Sophie Wilson na Steve Furber. Ilikuwa na transista (swichi ndogo mno za umeme) 25,000 hivi, na ilifanya kazi tangu sampuli ya kwanza. Walipopima mkondo inaokula, mita ikasoma sifuri. Kumbe waya wa umeme haukuwa umeunganishwa. Chipu ilikuwa ikijiendesha kwa umeme uliopenya kupitia pini nyingine! Kisa hicho kinauza kuliko mwaka wowote wa kuanzishwa, kwa sababu ndani yake mna kipimo.

Basi andikeni hivyo. Mmesanifu bodi za tabaka ngapi? Kifaa chenu kinakula mikroampea (milioni moja ya ampea) ngapi kikilala? Betri ilidumu muda gani mlipoijaribu? Bodi gani ilipita maabara, na kwa kipimo kipi? Kama mnaweza kulehemu kwa risasi ya kulehemu isiyo na ledi (ile metali yenye sumu), inayoyeyuka kwenye nyuzi 217 za Selsiasi hivi badala ya zile 183 za risasi ya zamani yenye ledi, semeni. Kama hamfanyi saketi za masafa ya juu, semeni pia, tena kwa herufi kubwa. Anayedai anaweza kila kitu, mteja mwenye akili humkimbia.

Na jamani, tuache maneno ya mapambo. "Suluhisho za kisasa", "ubora usio na kifani", nani asiyeyaandika? Vijana mnakopi wasifu wa watu mkidhani ndio ukubwa. Kipimo, vijana. Kipimo.

Jambo moja watu hulisahau: elezeni mteja atakabidhiwa nini akishalipa. Mchoro wa saketi, faili za Gerber (zile kiwanda kinazotumia kuchapa bodi), orodha ya vipuri pamoja na mbadala wake, msimbo wa programu ya ndani. Nimeona wateja waliobaki na bodi mkononi bila faili hata moja, na wakaapa kutorudi kwa aliyewafanyia hivyo.

Uliuliza pia kama muweke picha zenu mkiwa na suti. Wekeni za bodi, pande zote mbili, rula ikiwa kando, na mwanga wa kutosha kuonyesha viungo vya risasi.