Silambloki mupya kupasuka mbiyo: angalia namna ulikaza bulo
Yaya, umeuliza kwa nini silambloki za mbele (zile kauchu zenye chuma inje na ndani, zinashikanisha bra na gari) zenye ulibadilisha weye mwenyewe ku parsele zimeshapasuka kisha miezi tatu tu, unazani walikuuzisha ya mubaya. Inawezekana, ila mbele ya kurudi kugombana na muuzaji niambie kwanza, bulo (bolti) za bra, ile mukono ya chuma yenye kushika tairi, ulizikaza gari ikiwa bado juu ya kriki (jeki)? Juu hapo njo wengi tunaharibisha. Ile kauchu ya silambloki imeshikana na chuma ya inje na ya ndani, sasa ukikaza nguvu wakati bra inaninginia, ukishusha gari kauchu inajinyonga, na inabakia imejinyonga siku yote hata gari ikiwa imesimama, na hapa Goma na haya mawe ya volkano haiwezi dumu. Ingiza bulo, kaza kidogo tu, shusha gari kwenye matairi yake, itikise mara mbili tatu, kisha ndiyo ukaze ya mwisho. Kama hauna nafasi ya kuingia chini, pandisha matairi juu ya mbao nene.

Ingine, usipakae grese ao mafuta ya moteri wakati wa kuingiza, inakula kauchu, maji ya sabuni inatosha. Na mbele ya kutosha ya zamani piga alama kwenye bra, juu zingine ziko na matundu yenye inapaswa kuelekea upande moja tu. Na nakuomba sana usilale chini ya gari yenye kushikiliwa na kriki peke yake, weka shandeli, ile miguu ya chuma ya kushikilia gari. Kisha pitisha gari kwa paralelisme, ni kusema kunyoosha matairi.