Proxmox na iSCSI: poti nne usizifunge zote kwenye bondi moja

Mkuu, kwa maelezo yako una seva ya Proxmox (mfumo wa kuendesha mashine pepe, yaani VM) yenye poti nne za mtandao na kabati la diski linalotoa LUN (diski inayofikiwa kupitia mtandao) kwa iSCSI (njia ya kupitisha amri za diski kwenye mtandao), na unataka kuzifunga poti zote ziwe bondi moja kwa LACP (kanuni ya kuunganisha kebo kadhaa zitende kama moja) upate kasi mara nne. Hutaipata. LACP haigawi mkondo mmoja wa TCP. Kila mkondo hupangiwa kebo moja na kubaki hapo hapo. Seva moja ikiongea na kabati moja mikondo ni michache, kwa hiyo kebo moja inaweza kujaa huku nyingine zimekaa tu. Poti mbili zipe VM na menejimenti, mbili za storeji ziache bila bondi, kila moja na subneti yake, kugawa mzigo iwe kazi ya multipath (programu ya Linux inayotumia njia kadhaa kufikia diski moja).

Kwenye /etc/network/interfaces:

auto bond0
iface bond0 inet manual
  bond-slaves eno1 eno2
  bond-mode active-backup
  bond-miimon 100

auto vmbr0
iface vmbr0 inet static
  address 192.168.10.5/24
  gateway 192.168.10.1
  bridge-ports bond0
  bridge-stp off
  bridge-fd 0
  bridge-vlan-aware yes

auto enp3s0f0
iface enp3s0f0 inet static
  address 10.10.10.5/24
  mtu 9000

Poti ya pili ya storeji, enp3s0f1, iandike vivyo hivyo kwa 10.10.20.5/24. Gateway iwe moja tu, ya vmbr0. Storeji zote mbili ukiziweka subneti moja, Linux hujibu ARP (swali la mtandao la "IP hii iko wapi?") kwa poti yoyote na kutuma kwa ileile moja, multipath ikawa ya jina. Active-backup (poti moja inafanya kazi, nyingine inasubiri) haihitaji kupanga chochote kwenye swichi, ndiyo maana naipenda kwa kuanzia. Kabla ya ifreload -a (amri ya kupakia mipangilio mipya ya mtandao), hakikisha unaweza kuingia bila mtandao huo: skrini na kibodi, au iDRAC (udhibiti wa mbali wa seva za Dell).

Umesema pia kwamba LUN inaonekana vizuri lakini kunakili diski kubwa kunaganda. Karibu hakika ni MTU (ukubwa wa juu wa pakiti, kwa baiti). Pakiti za kuingia (login) kwenye kabati ni ndogo, zinapita. Data ikianza kumiminika, seva na kabati wanatumiana fremu za 9000 wakati swichi katikati bado iko 1500 na inazitupa kimyakimya. Pima hivi (10.10.10.100 ni anwani ya kabati):

ping -M do -s 8972 10.10.10.100

(Ni 8972 kwa sababu kichwa cha IP kinakula baiti 20 na cha ICMP 8.) Ping ya kawaida ikijibu na hii isijibu, kapange swichi. Baadhi ya swichi zinataka 9216, maana zinahesabu na kichwa cha Ethernet. Kama swichi yako haina uwezo huo, rudisha 1500 seva na kabati. Tofauti ya kasi si ya kukukosesha usingizi.

Mtandao ukikaa sawa, weka multipath-tools. Kabla hujatafuta LUN, fungua /etc/iscsi/iscsid.conf, weka node.startup = automatic, na node.session.timeo.replacement_timeout itoe 120 iwe 15. Ukiiacha 120, kebo ikichomoka VM zinaweza kuganda dakika mbili kabla njia ya pili haijashika. Ukibadilisha baada ya kutafuta haisaidii, kwa sababu thamani hizo hunakiliwa kwenye rekodi ya kila nodi wakati wa kutafuta. Kisha:

iscsiadm -m discovery -t sendtargets -p 10.10.10.100
iscsiadm -m node --login

lsblk itakuonyesha diski ileile mara mbili, tuseme sdb na sdc. Hapo ndipo wengi wanaharibu: wanafanya pvcreate (kuandaa diski kwa LVM, mfumo wa Linux wa kugawa diski) kwenye /dev/sdb, yaani wamejifunga kwenye njia moja. Chukua WWID (kitambulisho cha kipekee cha LUN) kwa /lib/udev/scsi_id -g -u -d /dev/sdb, isajili kwa multipath -a, endesha multipath -r, halafu pvcreate na vgcreate vifanyike kwenye kifaa kilichotokea ndani ya /dev/mapper. Ndani ya Proxmox ongeza kama LVM ya kawaida. Seva ya pili ikija, weka alama ya Shared. LVM-thin (LVM inayotenga nafasi kadiri inavyotumika) usiiguse kwenye LUN inayotumiwa na seva zaidi ya moja.

Jaribu kabla ya kuweka VM ya kazi: chomoa kebo moja ya storeji, endesha multipath -ll. Njia moja isome failed faulty, nyingine active ready. Irudishe, subiri zote zisome active, ndipo uchomoe ya pili.