Re: Mzee ana Parkinson, anaweza kutembea na sisi?
Pole na mzee ndugu yangu. Umeuliza kama anaweza kuwa nanyi kwenye matembezi ya kule Uingereza, toka Land's End (ncha ya kusini-magharibi ya England) mpaka John o' Groats (kaskazini kabisa mwa Scotland), ya kuchangia wagonjwa wa Parkinson, ule ugonjwa wa ubongo unaoharibu mwendo wa mwili, mi nasema aje, ila sio safari yote maana kwa barabara ni kama kilomita 1,400 hizo, achukue kipande kifupi tu. Kitu kikubwa ni dawa, kama anatumia levodopa msipitishe saa yake hata stori zikinoga vipi, ikiisha nguvu miguu inaganda kama imegundishwa chini. Baba yangu akigandaga hivyo hatumvuti mkono kabisa, tunamhesabia moja mbili, moja mbili, au nachora mstari chini na fimbo auvuke, basi huyo anaondoka.