Sahani za Chuma na Ukungu wa Uyole: Niliyojifunza Kuhusu Kutunza Vyuma vya Mazoezi

Nilipofungua chumba changu cha mazoezi huku Uyole, pembeni mwa Jiji la Mbeya, nilidhani gharama ya vyuma huishia siku ya kuvinunua. Nilikuwa na kilo 240 za sahani za chuma, yaani yale maduara ya uzito yanayopachikwa kwenye nondo ya kunyanyulia, nyingi zikiwa za mitumba, nikazipanga sakafuni zikiegemea ukuta, kubwa nyuma na ndogo mbele. Mvua za msimu wa kwanza hazijaisha, wateja wakawa wanatoka na viganja vyekundu kwa kutu kama waliokuwa wakifyatua matofali, na mke wangu akaanza kulalamika kuhusu taulo ambazo sabuni ya aina yoyote haikuweza kuzitoa madoa.

Nikafuata ushauri wa wengi, yaani kupaka oili chafu ya gereji. Kwa wiki moja vyuma vilimeta na nikajiona fundi. Wiki ya pili vumbi la sakafu liligandamana na ile oili likawa utando mweusi, na jioni moja sahani ya kilo 10 ilimponyoka kijana mmoja mikononi ikaanguka karibu kabisa na vidole vya mguu wake. Nilipoikwangua sahani hiyo kwa bisu nilikuta chini ya oili kutu ni ile ile, tena mbichi, kwa sababu nilikuwa nimepaka juu ya chuma chenye unyevu na hivyo kuufungia unyevu humo ndani. Tangu siku hiyo nina kanuni moja tu: kausha kwanza, paka baadaye, na kama huna muda wa yote mawili, basi kausha tu.

Huku kwetu jambo hili lina uzito kuliko pwani kwa namna ambayo watu hawaitarajii. Pwani kuna chumvi ya bahari, lakini sisi tuko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, usiku ni wa baridi, na sahani nene ya chuma ikishapoa huchukua muda mrefu kupata joto. Asubuhi watu kumi wakiingia, wakahema na kutoka jasho ndani ya chumba kilichofungwa madirisha, hewa yenye joto na unyevu hugusa chuma baridi na maji hujitokeza juu yake, kama yanavyojitokeza kwenye chupa ya soda iliyotolewa kwenye friji. Hakuna aliyemwaga maji, wala paa halivuji, lakini chuma kimelowa. Ongeza jasho, ambalo ni maji yenye chumvi, na kutu hupata kila inachokihitaji.

Kwa hiyo hatua ya kwanza haikuwa dawa yoyote bali ni mahali pa kuziweka. Niliziondoa sahani sakafuni, kwa kuwa saruji hufyonza unyevu wa ardhini na kuupandisha, nikamwomba seremala anitengenezee kichanja cha mbao za paini, zile zinazoshushwa kwa malori kutoka Mufindi, chenye vigingi vya kutundikia sahani zikiwa wima bila kugusana. Kichanja kinakaa mbali na ukuta kiasi cha shibiri moja ili hewa ipite nyuma yake. Katika miezi ya mvua sifungui madirisha alfajiri wakati ukungu umetanda. Nayafungua mara watu wanapoanza mazoezi ili joto lao litoke, kisha nayaacha wazi kuanzia saa nne jua linapokuwa limechomoza vizuri. Jioni kila mtu hufuta sahani alizotumia kwa kitambaa kikavu kabla ya kuzirudisha. Baada ya hapo, mara moja kwa mwezi, ninapaka oili nyepesi ya cherehani: matone machache kwenye kitambaa, nasugua sahani nzima, halafu naifuta tena kwa kitambaa kingine mpaka mkono usihisi utelezi.

Sahani iliyokwisha kuliwa na kutu inahitaji siki nyeupe. Ilaze kwenye beseni la plastiki, kamwe si sufuria ya alumini, imwagie siki mpaka izame, na uiache usiku kucha; katika baridi ya Julai siki hufanya kazi polepole, hivyo mimi huiacha mpaka jioni ya pili. Kisha sugua kwa brashi ya waya, suuza, na uimalizie kwa maji yenye kijiko cha magadi, yale yale ya kupikia maharage, ambayo huua ukali wa siki. Hapa ndipo wengi hukosea, maana chuma kilichosafishwa hivyo kiko uchi, na ukikiacha kijikaukie chenyewe utakikuta na kutu ya rangi ya machungwa kabla hujamaliza kunywa chai. Kifute papo hapo na ukianike juani. Siku isiyo na jua, kisogeze karibu na jiko la mkaa lililowekwa nje, kwa kuwa moshi wa mkaa ndani ya chumba unaua. Njia hii ni ya chuma kitupu. Sahani zilizopakwa kromu zisikae ndani ya siki.

Sahani za mpira hazitaki siki, oili, mafuta ya taa wala petroli, kwa sababu mafuta huufanya mpira uvimbe na kulegea. Maji na sabuni kidogo vinatosha, na zisianikwe juani.

Kuna kasoro moja ambayo sijapata dawa yake, nayo ni ufa. Sahani nyingi za bei nafuu ni za chuma cha kumimina, ambacho ni kigumu lakini huvunjika kikiangushwa kwenye saruji. Niliwahi kumpelekea fundi wa kuchomelea sahani yenye ufa, akaifunga vizuri kwa macho, na mwezi uliofuata ikapasuka tena sentimita moja kutoka pale alipochomelea. Siku hizi nikinunua mitumba naitundika sahani kwenye kamba na kuigonga kwa nyundo ndogo, kama mnunuzi wa vyungu vya Wakisi anavyogonga chungu kabla hajatoa hela. Nzima hulia kwa mwangwi. Yenye ufa hutoa sauti butu iliyokufa.

Ukishazisafisha, zipime. Nilizipeleka zangu kwenye mzani wa mfanyabiashara wa viazi, aliyecheka kwanza kisha akanisaidia, na sahani mbili zilizoandikwa kilo 20 zikaonyesha 19.4 na 20.5. Kanuni za IPF, shirikisho la kimataifa la mchezo wa kunyanyua vyuma (powerlifting), huruhusu tofauti ya asilimia 0.25 tu, yaani gramu 50 kwa sahani kama hiyo. Kwa mazoezi ya kawaida kosa hilo linavumilika, mradi usiweke nyepesi upande mmoja na nzito upande wa pili, jambo ambalo ni lumbesa ya aina yake. Niliziandika uzito halisi kwa chaki ya mafuta na kuzipanga jozi kwa jozi.

Rangi nimeiacha mwisho kwa sababu inategemea kalenda. Huanza na ile nyekundu ya kuzuia kutu ambayo mafundi wa mageti hupaka chini, kisha rangi ya mafuta juu yake, na tundu la katikati huzibwa kwa gazeti ili rangi isilipunguze na kuifanya sahani igome kuingia kwenye nondo. Rafiki yangu wa Tukuyu, ambako mvua ni nyingi kuliko hata huku, alipaka zake mwezi wa Aprili bila kunisikiliza, na baada ya wiki tatu rangi ilitoa malengelenge ikawa inabanduka kama ganda la kiazi kilichochemshwa. Alizikwangua zote kwa msasa, akasubiri, akarudia mwezi wa Septemba. Nilizikagua mwezi uliopita nilipomtembelea, na rangi bado imeshika.