Deni limebaki kidogo: je, kubana matumizi kwangu ni ubahili?

SWALI

Assalaam alaykum sheikh. Mimi ni fundi cherehani, naishi Tanga, nina mke na watoto watatu. Miaka mitatu iliyopita nilikuwa nadaiwa milioni sita na laki nane: mkopo wa biashara iliyokufa, mikopo ya kausha damu, ile ya riba kubwa, niliyochukua ili kulipia mikopo mingine, deni la dukani na pesa ya rafiki. Tulibana sana. King'amuzi tulikata, bodaboda niliacha nikawa natembea kwa miguu, nyumbani ni chai ya rangi na mihogo, nyama tunaiona Idi. Mke wangu aliuza bangili zake. Kadi za michango ya harusi nazipokea na sitoi kitu, mpaka ndugu zangu wananiita bahili.

Alhamdulillah, imebaki laki tano na ishirini: 170,000 kwenye daftari la duka la jirani, ambaye hajanidai hata siku moja, na 350,000 za rafiki yangu aliyefariki mwaka jana. Je, kubana huku ni ule ubahili unaokatazwa? Pesa za marehemu nizitolee sadaka kwa niaba yake? Na kwa kuwa nimekaribia mwisho, naweza kulegeza kidogo tukapumua?

JIBU

Wa alaykumus salaam warahmatullahi wabarakatuh. Sifa zote njema ni za Allah, na rehema na amani zimshukie Mtume wake.

Ndugu yangu, kulipa zaidi ya milioni sita kwa pato la cherehani si jambo dogo, Allah akutakabalie. Nimelisoma swali lako mara mbili, na mara ya pili kuna sentensi moja ilinishika ambayo wewe umeipita mbio. Nitaifikia.

Bahili ni mtu anayezuia kile kilichomlazimu kukitoa. Mchango wa harusi haujakulazimu. Una kamati, una kadi, una kiwango cha singo na dabo, lakini hauna haki yoyote juu ya pesa ambayo tayari ina mwenyewe. Imam Nawawi, ambaye fiqhi yake ndiyo tunayoisomea wengi wetu huku pwani, ameona kauli iliyo sahihi zaidi ni kwamba hata sadaka ni haramu ikiwa mtu anaitoa kutoka katika kile anachokihitaji kuwalisha wanaomtegemea, au kulipa deni asilotaraji kulilipa kwa njia nyingine. Ikiwa sadaka imewekewa mpaka huo, ukumbi na mapambo vitasemaje? Siku ya harusi nenda ukawaombee dua maharusi, ukikuta pilau ule, wala usiinamishe kichwa.

Hata hivyo kubana nako kuna mpaka wake. Katika Suratul Furqan, aya ya 67, Allah amewasifu wale ambao wakitoa hawafanyi fujo wala hawafanyi choyo, wanakuwa katikati. Wewe umehesabu wadai walio nje ya nyumba tu. Katika madhehebu ya Shafii, mke ana haki ya chakula chake kila siku kwa kadiri ya uwezo wa mume, na mavazi mara mbili kwa mwaka, na mavazi hayo asipopewa hayafutiki kwa kupita muda, yanabaki deni juu ya mume. Chai ya rangi si dhambi. Mihogo ya Tanga, tena kwa nazi, wapo wanaoililia wakiwa mbali. Lakini kama katika miaka hii mitatu mkeo hajaona doti ya khanga, au mtoto aliugua mkasubiri ili rejesho la wiki litimie, basi hapo ulikuwa unamlipa mdai mmoja kwa kumkopa mwingine bila kumwambia.

Sasa tazama ulivyowapanga wadai wako. Wa kausha damu wanakuja mlangoni, wanapiga kelele majirani wasikie, wanabeba runinga. Hao umewamaliza kwanza, na kwa upande wao kilichobaki kwako ni toba ya riba na azma ya kutorudi. Waliobaki mwisho ni wawili: jirani mpole na maiti. Sikulaumu sana, karibu kila mdaiwa hupanga hivyo. Nami zamani niliwahi kuwa mpita uchochoro wa nyuma ili nisionane na mwenye duka, na yeye hajawahi kunitolea neno. Upole wake ndio ulionifanya nimcheleweshe.

Ndiyo maana neno lako "nimekaribia" linanitia hofu kidogo. Amepokea Bukhari kutoka kwa Salama bin Al-Akwa kwamba liliwahi kuletwa jeneza, Mtume (swallallahu alayhi wasallam) akauliza kama maiti ana deni. Wakasema dinari tatu. Akauliza kama ameacha chochote, wakasema hapana. Akawaambia wamswalie wao. Hakuswali mpaka Abu Qatada aliposema deni lile liko juu yake. Dinari tatu, ndugu yangu, hazifiki gramu 13 za dhahabu. Hakuna aliyesema pale kwamba limebaki kidogo.

Kuhusu kulegeza, tupige hesabu. Umelipa 6,280,000 kwa miezi 36, wastani wa kama 174,000 kwa mwezi. Kwa mwendo huo imebaki miezi mitatu. Mtume amesema kuchelewesha kwa mwenye uwezo ni dhulma, na wewe sasa uwezo umeanza kuupata. Kwa hiyo king'amuzi kisubiri, na kama umeanza kutamani cherehani ya umeme kwa awamu, nayo isubiri. Ya chakula cha watoto na nguo ya mkeo hayasubiri. Yakikusogeza ikawa miezi minne au mitano, nenda dukani mwenyewe, mwambie jirani yako tarehe unayoiweza kweli, akubali kwa mdomo wake. Mtume alikuwa akijikinga kwa Allah kutokana na deni, alipoulizwa sababu akasema mtu akidaiwa huzungumza akaongopa, na huahidi akavunja ahadi. Tarehe ndefu ya kweli ni bora kuliko "kesho" ya kila siku. Na ukishamaliza, ukimpelekea kitu cha kumshukuru ambacho hamkushurutishana, hiyo si riba. Mtume alikopa ngamia mdogo akalipa aliye bora kuliko yule.

Za marehemu usizitolee sadaka. Pesa ile si yake tena, tangu roho ilipotoka imehamia kwenye mirathi yake, na ukiitoa sadaka umegawa mali ya watu bila idhini yao. Sadaka ni njia ya mtu ambaye warithi wa mdai wake hawapatikani kabisa, nawe nyumba ya rafiki yako unaijua. Uliza kwanza kama aliacha madeni au wasia, kwa sababu hayo hutangulia urithi. Kama hakuna, na ameacha mjane na watoto, basi mjane ana thumni, yaani moja ya nane: katika 350,000 yako, 43,750 ni yake peke yake. Wazazi wake wakiwa hai, kila mmoja ana sudusi, yaani moja ya sita. Nakutajia hesabu hii makusudi, kwa sababu huku kwetu pesa za marehemu hukabidhiwa kaka mkubwa "atawafikishia", na mjane anasikia habari zake msibani kwa mtu mwingine. Mkabidhi anayesimamia mirathi, mjane awepo, na muandikiane mbele ya mashahidi.

Sasa ile sentensi. "Mke wangu aliuza bangili zake." Umeiweka kati ya mihogo na kadi za harusi kama kwamba ni moja ya mambo mliyoyabana. Dhahabu ya mke ni mali yake. Katika Suratun Nisaa, aya ya 4, Allah ameturuhusu kula katika mahari yao kile walichotutunuku kwa radhi ya nafsi zao, na mwanamke anayeona wa kausha damu wakigonga mlango anaweza kuvua bangili bila nafsi yake kuulizwa. Je, alikupa au alikukopesha? Kama aliuza mwenyewe akakukopesha shilingi, unadaiwa shilingi zile. Kama alikukopesha bangili, ukaziuza wewe, unadaiwa bangili mfano wa zile, na dhahabu ya leo si bei ya mwaka ule. Huenda yeye ndiye mdai wako mkubwa aliyebaki, naye hayumo kwenye hesabu uliyoniletea.

Muulize mkiwa wawili, mama mkwe asiwepo wala mama yako. Usimuulize "si ulinipa?", maana hilo lina jibu ndani yake. Mwambie unapanga madeni ya mwisho na unataka kujua zile bangili uziandikeje. Akisema ni zawadi kwa moyo wake, kuleni kwa raha. Akisema ni deni, au akinyamaza kwanza, fungua daftari lako uandike jina lake, uzito wa bangili na tarehe ya kulipa, mbele ya mashahidi, kama mlivyoandikiana na wale wa mkopo.

Wallahu aalam.