Fosfati imeongezeka kwenye protini yako? Usiandike "imewashwa" bado

Ndugu muuliza swali, umeeleza kwamba ulizipa seli homoni, ukavuna, ukaendesha bloti ya Western (kipimo kinachotenganisha protini kwenye jeli na kuzionyesha kama bendi kwa kutumia kingamwili), na bendi ya protini yenye fosfati ikatoka imekolea. Sasa unataka kuandika kwenye tasnifu kuwa protini hiyo imewashwa. Nimeshinda maabara kwa miaka mingi na kinasi, vimeng'enya vinavyopachika fosfati kwenye protini, na nakuomba usiiandike sentensi hiyo kwanza. Fosfati kuongezeka ni jambo moja, protini kufanya kazi zaidi ni jambo jingine, na kati ya hayo mawili kuna maswali hujayajibu.

Kinasi huchukua fosfati ya mwisho ya ATP, molekuli ya nishati ya seli, na kuipachika kwenye asidi amino za serini, treonini au tirosini. Binadamu ana kinasi zaidi ya 500. Kinachopachikwa ni kidogo, huongeza uzito wa dalton 80 hivi, ila kinakuja na chaji hasi mahali ambapo hapakuwa na chaji yoyote. Chaji hiyo huvuta arginini zilizo jirani, zenye chaji chanya, husukuma asidi amino zenye chaji hasi, na umbo la protini linabadilika. Au umbo halibadiliki sana, ila fosfati inakuwa mahali pa kushikia: protini zenye kipande kiitwacho SH2 hutambua tirosini iliyobeba fosfati na kuja kujibandika hapo. Ndivyo vipokezi vingi kwenye utando wa seli vinavyoanza kupitisha ishara ndani.

Kwa hiyo kila kitu kinategemea fosfati imekaa wapi. Tazama kinasi iitwayo Src. Ikiwekewa fosfati kwenye tirosini ya 416 (nahesabu kwa Src ya kuku, kama ilivyozoeleka), inafanya kazi kwa nguvu. Ikiwekewa kwenye tirosini ya 527, karibu na mwisho wa mnyororo, mkia unajikunja na kushikwa na SH2 ya Src yenyewe, na kinasi inafungwa. Kingamwili inayotambua tirosini yoyote yenye fosfati itakuonyesha bendi katika hali zote mbili. CDK1 nayo, kinasi inayoiingiza seli kwenye mgawanyiko, huzuiwa na kinasi nyingine, Wee1, inayoiwekea fosfati kwenye tirosini ya 15, na huwa huru kimeng'enya cha Cdc25 kinapoiondoa fosfati hiyo.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa glikojeni, akiba ya sukari ya seli. Adrenalini inapofika kwenye seli ya msuli, cAMP, molekuli ndogo ya kupitisha ishara, hupanda na kuiamsha kinasi A. Hiyo huiamsha kinasi nyingine, nayo huweka fosfati kwenye serini ya 14 ya kimeng'enya cha fosforilasi, ambacho huanza kuvunja glikojeni. Wakati huohuo, kimeng'enya kinachojenga glikojeni nacho huwekewa fosfati, nacho kinapunguza kazi. Ishara ni moja na kitendo cha kikemia ni kilekile, ila mmoja anaamka na mwingine analala. Isingekuwa hivyo seli ingekuwa inajenga na kubomoa kwa pamoja, ikiteketeza ATP bure. Edmond Fischer na Edwin Krebs waliufumbua upande wa fosforilasi huko Seattle mwaka 1955, wakapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1992. Kwa maoni yangu, kwa sababu kimeng'enya hicho cha kwanza kilikuwa kinaamshwa na fosfati, mazoea ya kusema "fosfati huwasha" yameganda vichwani mwetu.

Halafu kuna fosfatasi, zile zinazoondoa fosfati. Watu huzisahau, na hilo linanisikitisha. Bendi yako inaweza kukolea kwa sababu kinasi imeongeza kasi, au kwa sababu fosfatasi imepunguza, bloti haitofautishi. Na kuna ishara ambazo ujumbe wenyewe ni kuondolewa kwa fosfati. Kwenye seli T za kinga, protini ya NFAT hukaa nje ya kiini ikiwa imejaa fosfati. Kalsiamu ikipanda, fosfatasi iitwayo kalsinyurini huziondoa fosfati hizo, NFAT inaingia kwenye kiini na kuamsha jeni za kinga. Dawa za siklosporini na takrolimusi, wanazopewa watu waliopandikizwa figo, hufanya kazi kwa kuizuia kalsinyurini.

Muda nao uuangalie. Seli za panya ziitwazo PC12 zikipewa EGF, protini ya kuchochea ukuaji, kinasi iitwayo ERK hupata fosfati kwa kipindi kifupi na seli huendelea kugawanyika. Zikipewa NGF, kichocheo cha ukuaji wa neva, ERK ileile hubaki na fosfati kwa saa kadhaa, na seli huacha kugawanyika na kuotesha vijimkia kama vya neva. Ukivuna dakika ya tano tu, hutaiona tofauti hiyo.

Sasa kazi yenyewe. Vuna juu ya barafu, na bafa iwe na vanadati na floridi, vizuizi vya fosfatasi, la sivyo fosfatasi zitakula matokeo yako kabla hujafika kwenye jeli. Kuziba utando wa bloti tumia albumini badala ya maziwa, maana kaseini ya maziwa yenyewe imejaa fosfati. Pima pia jumla ya protini hiyo, ujue kama fosfati imeongezeka au ni protini tu imekuwa nyingi. Sampuli moja itie fosfatasi ya lamda: bendi isipotoweka, kingamwili yako inashika kitu kingine. Badilisha serini husika iwe alanini, isiyoweza kubeba fosfati, uone kama athari inapotea. Kuiga fosfati kwa asidi aspatiki, yenye chaji hasi, husaidia mara nyingine, lakini usiiamini kupita kiasi. Kwa tirosini haifai, kwa kuwa SH2 haidanganyiki kwa chaji peke yake.

La muhimu zaidi, ipime kazi yenyewe. Kama protini yako ni kinasi, angalia fosfati kwenye protini inayolengwa nayo. Wakati dawa ya imatinibu ikijaribiwa kwa wagonjwa wa saratani ya damu inayoendeshwa na kinasi ya BCR-ABL, kabla ya kuidhinishwa Marekani mwaka 2001, watafiti walitazama fosfati kwenye CRKL, protini inayolengwa na kinasi hiyo. Ilipopungua, walijua dawa imeifikia.

Niandikie kingamwili yako inalenga asidi amino ya namba ngapi, na ulivuna seli dakika ngapi baada ya homoni. Nikijua hayo mawili, tutaisoma bendi hiyo pamoja.